Maji Niliyommiminia Mtoto wa Shela

Ijumaa, baada ya alasiri.

Mvua imekatika lakini mabati bado yanatona, na karatasi ina unyevu hata wino unatawanyika kila ninapopinda herufi. Sijaandika humu tangu Jumamosi iliyopita. Ningeweza kusingizia unyevu. Ukweli ni kwamba niliogopa kuliona jambo lenyewe kwa mwandiko wangu.

Leo naliandika.

Huu ni mwezi wa tano tangu Daktari aondoke. Walimbeba kwa kitanda mpaka kwenye meli, uso umekuwa manjano kwa homa, akanishika mkono akasema, “Agata, utaweza.” Nilijiona mtu mkubwa siku ile. Yeye ndiye aliyenifundisha ukunga kule Unguja, katika hospitali ya misheni, na yeye ndiye aliyeniomba tuvuke pamoja kuja Lamu, Amu kama waiitavyo wenyewe. Mimi ni mtoto wa misheni. Mama yangu alishushwa kutoka jahazi la watumwa akapelekwa kwa masista, na kwa masista alifia, akijifungua mdogo wangu, nami nina miaka saba. Nilisimama nje ya mlango nikisikia. Basi nilipoulizwa nataka kujifunza kazi gani, sikuhitaji kufikiri.

Nilidhani tukifika hapa tutakosa hata usingizi kwa wingi wa wazazi wa kuzalishwa. Lakini mji una wakunga wake, na tulipokuwa wawili tuliitwa mara chache tu, ilipokuwa hapana budi. Tangu nibaki peke yangu, hapana aliyeniita.

Wanawake huja kwa macho, kwa vidonda, kwa kikohozi cha watoto. Hukaa karibu na mlango. Nikiwapa maji ya kunywa hushukuru, husema wamekunywa sasa hivi. Siwalaumu. Nadhani hawajui waniweke wapi. Rangi yangu ni ya wajakazi wao, kusoma nasoma kama walimu wao, na dini yangu ni ya Wazungu. Huniuliza, “Wewe ni wa nani?” maana yake nyumba gani, ukoo gani. Nami husema, “Wa misheni,” wakaitika kwa adabu kama watu waliojibiwa kuwa sina kwetu. Huu ni mwaka wa tatu tangu serikali itangaze kwamba Amu hamna tena mtumwa. Tangazo lilibandikwa, likasomwa. Macho ya watu hayabandikwi tangazo.

Usemi wao nimeuzoea: nti kwa nchi, mai kwa maji, kuya kwa kuja, kuwata kwa kuacha, ndoo kwa njoo, ndia kwa njia, mato kwa macho, yeo kwa leo. Wao ndio hawajauzoea wangu. Kwao mimi ni Bi Dakitari. Padre huniita Sista, ingawa sikuweka nadhiri yoyote. Yakobo mpishi huniita Mwalimu. Wiki nzima huweza kupita bila mtu kulitamka jina langu. Mara nyingine, nikiosha chupa, hulisema mwenyewe kwa sauti ndogo: Agata. Naona haya kuyaandika haya, lakini nimesema leo sitaficha.

Jumapili tulikuwa kwenye ibada. Ibada yetu ni watu watatu: Padre, Yakobo na mimi. Padre alikuwa anasoma, mara tukasikia mtu anabisha. Nikatoka. Mlangoni alisimama mwanamume amelowa tangu kofia mpaka kanzu, mikono mikubwa yenye makovu ya patasi. Alisema yeye ni Ahmadi, fundi seremala wa Shela.

“Bi Dakitari, mke wangu yuwaumwa tangu Ijumaa,” akasema. “Mkunga wetu Faida amenambia nije nikutwae. Asema mwana amekaa vibaya, na mikono yake yeye haina nguvu tena.”

Nilikuwa nimekwisha kugeuka kuchukua mkoba aliponizuia.

“Nakuomba jambo moya. Hizo sala za dini yenu, ziwate hapa. Mke wangu ni Mwislamu na mwana ni wa Mwislamu.”

Nikamwambia, “Nimekubali.”

Nililisema mwenyewe, kwa kinywa changu, bila kushurutishwa. Nimelirudia neno hilo siku sita.

Maji yalikuwa yamekupwa, tukapita ufuoni kwenda Shela. Bwana Ahmadi alitangulia, hakugeuka hata mara moja, nami nilikaribia kukimbia.

Nyumba yao ni ya mawe, ya zamani, upande mmoja umeanguka. Mgonjwa alikuwa katika nyumba ya kati, kile chumba cha ndani kabisa ambamo watu wa huku huzaliwa, na ambamo huoshwa wakifa. Mama mkwe wake, Bi Rukia, alishika taa. Mkunga, Bibi Faida, alikuwa amepiga magoti miguuni pa kitanda. Ni mwanamke mkongwe, mdogo wa mwili, mweusi kama mimi. Hakunipima kwa macho kama wengine. Alinishika kiganja akakiweka juu ya tumbo la mzazi, hapa, kisha hapa, nikahisi kichwa, kitwa kama wasemavyo wao, kiko juu chini ya mbavu. Mtoto alikuwa ametanguliza matako.

“Umeona?” akaniuliza.

“Nimeona, Bibi.”

“Basi ndoo. Wewe huku, mimi huku.”

Mzazi ni Mwana Esha. Ni mdogo kwangu kwa miaka kadhaa, na amekwisha kuzika watoto wawili, wote hawakufika arubaini. Midomo ilikuwa imempasuka kwa kiu. Uchungu ulipomwachia kidogo alinitazama, akasema, “Waitwaye wewe?”

“Agata.”

“Agata,” akasema, akanishika mkono. “Agata, usiniwate.”

Sikumwacha. Hilo angalau naweza kuliandika bila kusita.

Ilituchukua mpaka adhuhuri ikapita. Mwili ulitoka, kisha mkono mmoja, kisha wa pili, halafu kichwa kikakataa. Niliufunga mwili kwa kitambaa, nikaulaza juu ya mkono wangu, nikatia kidole kinywani mwa mtoto kuinamisha kidevu kama Daktari alivyonifundisha. Bibi Faida akakandamiza kwa juu, na hatukuwa tumefundishwa mahali pamoja, lakini mikono yetu ilikuwa kama ya mtu mmoja. Kichwa kikatoka.

Alikuwa mvulana. Hakulia.

Alikuwa wa buluu, amelegea kama kitambaa. Wakati huohuo damu ya mama ikaanza kutoka kwa wingi, Bibi Faida akamrukia kumkanda tumbo, akamwita Bi Rukia amsaidie. Mimi nikageuka na mtoto, nikaenda naye kwenye pembe palipokuwa na mtungi. Nikamfuta kinywa. Nikampulizia. Nikamsugua mgongo. Kifuani, chini ya kidole changu, mapigo yalikuwa yakija moja moja, na kila moja nilidhani ni la mwisho.

Masista walitufundisha kwamba mtoto akiwa katika hali ya kufa, na padre hayupo, Mkristo yeyote aweza kumbatiza. Maji, na maneno.

Nilichota maji kwa kiganja. Mara tatu nikammiminia kichwani, nikayasema maneno kwa kunong'ona, nikampa na jina.

Hapa ndipo kalamu yangu imekuwa ikikwama. Ningeweza kuandika kwamba niliogopa kwa ajili ya roho yake, na Padre akisoma angeridhika. Lakini si hivyo. Mbinguni sikupakumbuka kabisa. Nilimwona yule mtoto, hana mtu wakati ule ila mimi, nikawaza: kama anakufa, na afe akiwa mwenzangu. Katika mji huu wote nilitaka awepo mtu mmoja aliye wa upande wangu, hata kwa nusu saa, hata akiwa maiti.

Nilimwibia mama yake aliyekuwa akivuja damu hatua tatu nyuma yangu.

Kisha mtoto akashtuka. Labda ni baridi ya maji. Aliukunja uso, akavuta pumzi moja ya kukwaruza, akanyamaza, akavuta nyingine. Halafu akalia, akalia kwa hasira, na nyumba nzima ikalipuka kwa vigelegele.

Damu ya mama nayo ikasimama. Tulimfunga, tukamnywesha. Baba aliitwa, akamchukua mwanawe, akamwadhinia katika sikio la kulia, na sauti ilimkatika katikati ikabidi aanze tena. Nilitazama sakafu.

Nilikuwa nafunga mkoba niondoke, Bi Rukia akaingia na kombe la wali na samaki, akaliweka mkekani. “Ndoo ule, Agata,” akasema. Jina alilisikia kwa mkwewe. Tukakaa, Bi Rukia, Bibi Faida na mimi, tukala kutoka kombe moja. Mama mkwe akanichambulia samaki, akanisogezea minofu upande wangu. Mwaka wa pili niko Amu, na hiyo ndiyo mara ya kwanza mkono wangu kukutana na mkono wa mtu katika chakula. Nilikula. Nilijua nilichowaibia watu hawa, na bado nilitaka kombe lisiishe.

Bibi Faida alinisindikiza mpaka nyumba za mwisho, pale mchanga unapoanza. Akasimama.

“Ulimwambiani yule mwana?”

Nikasema sikumwambia kitu.

“Mato yangu yameingia ukungu,” akasema, “masikio yangu mazima. Ulimtia mai mara tatu, ukasema.”

Hakukasirika. Ningependa angekasirika.

“Mimi walinitoa kwetu mdogo,” akasema. “Nilipofika nti hii nilikalishwa tini, nikaambiwa, yeo wewe ni Faida. Jina alonipa mamangu nimelitafuta kitwani mwangu, silioni. Dini hii naipenda, ni yangu, nitazikwa nayo. Lakini siku ile hapana aloniuliza.” Akanitazama. “Nawe ni wa misheni, mamako alipita ndia hiyohiyo. Hukumbuki?”

Nikaanza kulia. Akaningoja nimalize, kama anavyongoja uchungu wa mzazi upite.

“Mwambie mamake kabla ya siku ya saba,” akasema. “Usipomwambia wewe, ntamwambia mimi. Nami sitaki iwe mimi.”

Jumatatu Padre aliniita chumbani kwake. Alikuwa amesikia habari ya Shela. Mji wote umesikia. Aliniuliza kama mtoto alizaliwa katika hatari. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama nilifanya ipasavyo. Nikakawia kujibu, na kwa kule kukawia kwangu uso wake ulichangamka, akavuta daftari la ubatizo. Amekaa hapa miaka minne, na daftari lile halina jina la mtu hata mmoja wa mji huu. Ni mtu mwema. Hupeleka barua kwao kila meli ikija, na sijui huwa anawaandikia nini. Aliichovya kalamu winoni, akauliza, “Jina?”

Niliona yule mtoto akiingia mle kitabuni, na barua ikivuka bahari, na watu nisiowajua wakimshukuru Mungu kwa ajili yake katika kanisa la mawe, na Mwana Esha huku akimnyonyesha bila habari.

“Sikumbatiza, Padre,” nikasema. “Alilia mapema.”

Akaifuta kalamu taratibu. Hajaniuliza tena. Sikuwa nimepata kumwambia padre uongo tangu nizaliwe.

Jumanne sikwenda Shela. Nilijiambia mvua. Jumatano Bi Rukia alileta salamu kupitia jirani yake aliyekuja kutibiwa mguu: mtoto anaendelea vyema, Jumamosi ni siku ya saba, atanyolewa, atapewa jina, mbuzi yuko tayari, na Agata asikose, atakaa na wanawake wa nyumbani. Yule jirani alipokunywa maji yangu, yote, mpaka chini ya kikombe, ndipo nilipojua kwamba huko nje nimekuwa mtu. Usiku huo nilitoa nguo yangu nyeupe sandukuni, nikaitandaza. Naungama: nilifikiria kunyamaza. Bibi Faida ni mkongwe, nilijiambia, huenda akasahau, huenda asiaminiwe. Alhamisi nzima niliendelea kuwaza hivyo.

Leo nimekwenda.

Nilichagua wakati wanaume wako msikitini, ili Mwana Esha awe na wanawake tu. Nilimkuta peke yake na mtoto. Bi Rukia alikuwa uani na Bibi Faida wakichagua mchele wa kesho. Alifurahi kuniona, akanisogezea mto niketi karibu. Mtoto amenenepa mashavu. Ana nywele nyingi mno.

Nilimwambia yote, bila kuyapamba. Nilimwambia hata ile sababu ambayo sikuiandika ila leo, kwamba sikumfanyia mtoto, nilijifanyia mwenyewe.

Hakupiga kelele. Alimhamishia mtoto titi la pili. Kisha akauliza, “Ulipomtia hayo mai, alikuwa hai?”

“Alikuwa hai kidogo.”

“Na baadaye ndipo alipolia.”

“Ndiyo.”

“Basi ni Mngu alomrudisha. Si mai yako.”

“Ndiyo,” nikasema.

“Lakini mume wangu alikuomba pale mlangoni, ukamwambia umekubali.”

“Nilikubali.”

“Ungeniita,” akasema. “Nilikuwa papo. Ungesema, Mwana Esha, mwanao yuwafa. Ningemtolea shahada mimi, mamake. Ungenipa mwanangu nimshike. Wale wawili wa kwanza waliondoka mikononi mwangu. Huyu ungemwata aondoke mikononi mwako, na neno lako, na mimi sijui?”

Katika mambo yote niliyoyafikiri siku sita, la roho, la dini, la ahadi, la Padre, hilo sikulifikiri hata mara moja. Kwamba mama alikuwa papo hapo. Na mimi ndiye niliyesimama nje ya mlango nina miaka saba.

Nikasema, “Nisamehe.”

Akavuta leso, akamfunika mtoto uso.

“Simwambii mume wangu,” akasema. “Atafanya neno, na wewe umetutendea wema, sitaki upate taabu. Lakini kesho usiye, Agata.”

Nikainuka. Nilipofika kizingitini nilimsikia akisema, si kwangu hasa, kama mtu anayejisemea: “Na ule mkono wako nlioushika, nliushika kweli.”

Uani, Bi Rukia alishangaa kwamba sikai. Nikasema nina wagonjwa. Hapana mgonjwa Ijumaa. Bibi Faida aliweka ungo chini, akanifuata mpaka nje, akafunga mlango nyuma yake.

“Umemwambia?”

“Nimemwambia.”

“Amekufukuza?”

“Kesho nisije.”

Akatikisa kichwa polepole. Hakusema nimefanya vyema. Aliniomba kiganja changu tena kama siku ile, akakigeuza, akakitazama kwa yale macho yake ya ukungu, akakibonyeza kwa kidole gumba.

“Pana mzazi mtaa wa Mkomani,” akasema, “mimba yake ya kwanza, nyonga zake nyembamba sana. Mwezi ukiandama atakuwa karibu. Ntakuya nikutwae mimi mwenyewe, tuingie pamoya. Pale pakiwa na neno la kusemwa, atasema mamake mwana, au nitasema mimi. Wewe utatenda kazi. Waweza?”

Nikasema naweza. Nilirudi peke yangu kwa njia ya juu, maji yalikuwa yamejaa.

Sasa naandika, na nguo nyeupe nimeikunja. Sijui kama nimemkosea Mungu kwa kubatiza au kwa kumdanganya Padre au kwa yote mawili, na aliye karibu ambaye ningeweza kumwuliza ndiye Padre. Masista wako mbali, na Daktari hajaandika. Nimejaribu kuomba, nikaishia kukaa kimya tu. Huenda hilo pia lasikiwa.

Yakobo amegonga, ameuliza kama nitakula. Nimemwambia akae, tule pamoja hapa mezani. Alisitasita, kwa kuwa hatujapata kufanya hivyo, yeye hula jikoni. Kisha akasema, “Haya, Mwalimu.”

“Agata,” nikamwambia.

Amekwenda kuleta sahani ya pili. Kesho Shela watachinja, na yule mtoto atapewa jina na watu wake, nami nitakuwa hapa nachemsha vitambaa kwa ajili ya mwanamke wa Mkomani nisiyemjua bado.